Leo Hujaniombea

12 Februari

Kaka Baragumu,

Shikamoo. Mama anauliza kama soksi alizokutumia zimekutosha. Nisipoliandika hilo kwanza, hataniachia meza.

Nimepata kazi. Ni kiwanda cha kushona sare za shule. Mwaka jana nilizivaa, mwaka huu nazishona, na sasa najua kwa nini kola yangu ilikuwa ikinikwaruza shingo. Kazi yangu ni hizo hizo kola. Ukumbi umejaa cherehani kutoka ukuta hadi ukuta, na zikiwaka zote huwezi kusikia hata chafya yako mwenyewe. Watu huongea kwa mikono. Ukichora pasi hewani, maana yake msimamizi anakuja. Wamempa jina la Pasi kwa sababu akipita, kila mtu hunyooka.

Jirani yangu ni mama anayetoboa matundu ya vifungo na kushona vifungo vyenyewe. Wote humwita Mama Vifungo. Hasikii tangu utotoni, homa ilimchukua masikio, na kusema pia hasemi. Wenzake si kwamba wanamchukia. Wanampita tu, kama watu wanavyoipita nguzo. Kiwiko chake hunichoma ubavuni kila anapovuta kitambaa.

Kaka, ulipoondoka kwenda chuo cha uinjilisti uliniambia mbele ya kanisa zima kwamba ukirudi unikute nimemleta japo mtu mmoja kwa Bwana. Siwezi. Unajua kwamba wakati wa ushuhuda mimi huangalia viatu vyangu mpaka ibada iishe. Ila nimegundua kitu. Kelele za ukumbini ni nyingi kiasi kwamba naweza kuomba kwa kinywa, mchana kweupe, mikono ikiwa kazini, na hakuna anayenisikia. Namweleza Mungu yote: Mama, wewe, Pasi, hata Mama Vifungo na kiwiko chake. Sijawahi kuomba hivi maishani. Je, huo ni woga?

Mdogo wako,
Kobe


26 Februari

Kobe wangu,

Soksi zimetosha. Mwambie Mama moja ina kisigino kikubwa kuliko mguu wangu, lakini upendo hausahihishwi.

Umeuliza kama ni woga. Ndiyo, ni woga. Mtu hawashi taa akaifunika sufuria. Mungu hakukupa mdomo ili uongee na cherehani. Sasa sikiliza. Wakati wa mapumziko panda juu ya benchi. Kohoa mara moja. Anza na "Ndugu zangu", kisha utoe sauti kutoka tumboni, si kooni. Koo ni la kunywea maji. Watakusikiliza, utaona.

Mimi muhula huu nimewaachia wenzangu mahubiri ya asubuhi. Nasoma zaidi. Mtu akishajulikana kwa sauti yake ni vizuri awape wengine nafasi.

Simu zetu bado zimefungiwa kabatini mwa mkuu wa chuo, kwa hiyo endelea kuandika.

Kaka yako,
Baragumu


18 Machi

Kaka,

Nilipanda benchi.

Nilikohoa mara moja kama ulivyoagiza. Nikasema "Ndugu zangu". Papo hapo fundi wa kukata vitambaa akaruka na mkasi mkononi akiuliza ameelekea wapi. Wote walidhani nimeona panya. Mama mmoja alipanda meza ya pasi. Wengine wakaanza kupekua chini ya viti, na mimi nimesimama juu kama sanamu, sauti yote imebaki tumboni. Nikasema ameshatoka mlangoni. Kaka, mahubiri yangu ya kwanza yalikuwa uongo kuhusu panya.

Mchana wote sikuomba. Niliona haya hata mbele za Mungu. Nilishona nikiwa nimefunga mdomo. Ndipo Mama Vifungo akanigusa bega. Alikuwa ameandika kwa chaki ya fundi kwenye kipande cha kitambaa kilichobaki, maneno mawili tu: LEO HUJANIOMBEA.

Kumbe anasoma midomo. Wiki zote hizo, mtu pekee ukumbini asiyesikia ndiye aliyekuwa akinisikia. Na si maombi mazuri tu. Nilikuwa nimemwambia Bwana kwamba kiwiko cha mama huyu ni mkuki na nahitaji uvumilivu wa pekee. Nikakumbuka kwamba siku chache baadaye alisogeza kigoda chake, nami nikashukuru maombi yamejibiwa. Kumbe yalijibiwa kweli, ila yalipitia kwake.

Aligeuza kitambaa akaandika upande wa pili. Kwamba mwanzoni alidhani naongea peke yangu, kisha akaona jina lake midomoni mwangu. Kwamba watu wakitaja jina lake hivyo, huwa wanamsema. Mimi nilikuwa namwombea apate usingizi, kwa sababu niliona macho yake mekundu. Akauliza: "Huyo unayemwambia, anakujibu?"

Nikasema ndiyo, huku nimeinama. Aliniinua kidevu kwa kidole chake chenye kile kikofia cha chuma cha kushonea, akaandika: "Ukiinama husikiki."

Nikarudia nikimtazama. Kisha Pasi akatokea, tukanyooka.

Kobe


2 Aprili

Kobe,

Nimecheka kimyakimya mpaka mwenzangu wa chumbani akadhani nalia. Kwanza nilicheka, halafu nikasoma tena ile sehemu ya kitambaa, na sikucheka.

Futa yale ya benchi. Endelea na midomo yako.

Niulizie jambo kwa huyo mama. Je, mtu huzoea? Namaanisha kukaa katikati ya watu wanaoongea, na wewe huongei. Nauliza kwa ajili ya masomo.

Baragumu


9 Juni

Kaka,

Nisamehe kwa ukimya. Nina mengi.

Kwanza, jibu lako. Mama Vifungo anasema: "Mwambie kaka yako, mtu huzoea kutosikia. Hazoei kutosemeshwa." Akaongeza kwamba swali lako halifanani na swali la masomo.

Sasa tunakaa pamoja kila mapumziko. Namwambia habari za Yesu kwa midomo, yeye ananijibu kwa chaki. Nilidhani itakuwa rahisi, maana mafundisho ya kanisa niliyamaliza na nikasifiwa. Kaka, sijui kitu. Nikisema "utakaso" au "wokovu" anatikisa kichwa, maneno hayo hayana sura midomoni. Inabidi niyaseme kwa maneno mafupi, na ili niyafupishe inabidi nijue nasema nini. Siku nzima nilihangaika na neno "neema". Mwishowe nikamwambia: umeharibu kitambaa, unangoja kufukuzwa, halafu mwenye kiwanda anakuja mwenyewe na kitambaa kizuri zaidi, anakaa kigodani pako, anashona nawe. Alinitazama sana. Akaandika: "Kwa nini hawakusema hivyo tangu zamani?" Usiku huo, kaka, neema ilinishika mimi.

Amekuja kanisani. Akaniambia aliwahi kujaribu makanisa mengine huko nyuma, akaacha. Nilipomtazama akimtazama mchungaji wetu, nikaelewa. Masharubu ya mchungaji yameshuka kama pazia. Na wazee wanaposoma wanainamia kitabu. Kwake ibada nzima ni watu kusimama na kukaa.

Anataka kubatizwa. Baraza la wazee lilikaa, na Mzee wa Kengele, yule anayeipiga kila Jumapili, akapinga. Alisema imani huingilia sikioni na hutokea kinywani, na mtu ajibu maswali kwa sauti mbele ya watu kama sote tulivyojibu. Mchungaji akaamua hivi: aliyemfundisha asimame naye, amwambie maswali kwa midomo, kisha atangaze majibu yake kwa sauti. Ikishindikana, jambo liahirishwe mpaka utaratibu upatikane. Unajua maana ya hayo. Hautapatikana. Na Mama Vifungo ameniambia akirudishwa mlangoni mara hii hatakuja tena, kwa sababu umri wa kubisha hodi umempita.

Ni Jumapili ya mwisho ya Julai. Likizo yako inaangukia hapo hapo. Njoo usimame wewe, mchungaji hatamkataa mwinjilisti. Midomo yako ni mipana, ataisoma hata akiwa barabarani. Mimi mbele ya watu wote wale nitazimia, kaka, na nikizimia nitakuwa nimemfungia mlango mtu mzima.

Nakungoja.
Kobe


20 Juni

Kobe,

Sitaweza. Usiniulize sababu. Simama wewe.

Baragumu


1 Julai

Kaka,

Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta mstari uliofichwa. Haupo.

Wewe ndiye uliyenipandisha benchi. Wewe ndiye uliyesema ni woga. Nimekuomba kitu kimoja tangu nizaliwe, na unanijibu kwa mstari mmoja kama mtu anayefukuza kuku. Mama alikuwa akisema debe tupu haliachi kuvuma, nami nilikuwa nikikutetea.

Mdogo wako


10 Julai

Mdogo wangu,

Debe halivumi tena. Ndiyo sababu.

Koo langu limeota vinundu. Nilihubiri masokoni bila kipaza sauti, nikijivuna kwamba nasikika hadi ng'ambo ya barabara, na kabla hujaniandikia barua ya kwanza daktari alikuwa ameshanikataza kusema. Hata kunong'ona. Yale ya kuwaachia wenzangu nafasi yalikuwa kiburi cha mtu aliyenyang'anywa. Nilikaa hapa sina sauti, nakuandikia namna ya kutoa sauti.

Nakwambia ninachokijua sasa. Siku za mwanzo wenzangu waliniuliza mambo na kungoja niandike. Baadaye wakachoka kungoja. Sasa wanazungumza juu ya kichwa changu. Niliona kwamba bila sauti mimi si kitu, na nikaamini Mungu naye ananiona hivyo. Nikaacha kuomba. Kisha ikaja barua yako ya kitambaa na chaki. Kesho yake nilienda nyuma ya jiko la chuo, nikaomba kwa midomo mitupu, kama wewe. Sijui nieleze vipi. Nilisikilizwa.

Mama bado hajui. Mficha maradhi, kifo humuumbua, kwa hiyo leo namwandikia yeye pia. Daktari ana matumaini, usilie.

Lakini hata sauti ingekuwepo, ningekosea kuja. Midomo yangu haijui. Yako anaijua.

Kaka yako


Jumamosi, 28 Julai

Kaka yangu,

Nisamehe lile la debe. Mama amesoma barua yako, akalia kidogo, kisha akaanza kukufumia kitambaa cha shingo. Jiandae, kitakuwa kirefu.

Ni kesho. Maswali ya mchungaji ni marefu kuliko foleni ya hospitali, hayaingii midomoni. Nitayafupisha. Mungu ataelewa, ila Mzee wa Kengele sina hakika.

Niombee kwa ile njia yetu.

Kobe


7 Agosti

Kwa Baragumu,

Salamu. Hunijui ila kupitia midomo ya mdogo wako. Amekuandikia kuhusu siku ile, nami nimeiona barua kabla haijafungwa. Anasema "ilikwenda vizuri, namshukuru Mungu" na mistari mingine miwili. Hiyo si barua, ni risiti. Nimemwambia aiweke kando, nitaandika mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa nikitazama.

Kanisa lilijaa. Wenzetu wa ukumbini walikuja, hata Pasi, kwa hiyo benchi lao lote lilinyooka. Mdogo wako, binti huyu, alisimama mbele yangu akinitazama, na hivyo akawapa watu mgongo. Mzee wa Kengele akaonyesha kwa mkono kwamba haifai, ageuke. Akageuka, nami nikabaki nikitazama kisogo chake. Akanigeukia tena. Nikaona mabega yanapanda kuelekea masikioni, ile hali yake ya kujivuta ndani. Nikasema moyoni, basi, imekwisha, turudi nyumbani.

Hakuna aliyemfundisha alichofanya. Alinishika mkono, akaniteremsha hadi katikati ya kanisa, kwenye njia kati ya mabenchi, akaniacha hapo miongoni mwa watu. Kisha akapanda peke yake ngazi za madhabahuni, akageuka, akatutazama sote, mimi na kanisa lote kwa mara moja. Alijinyima pa kujificha, kwa hiari yake.

Masharubu yakacheza kwa muda mrefu. Mchungaji alipomaliza, mdogo wako aliniambia: "Umebeba mzigo peke yako. Utampa Yesu aubebe?" Nikajibu kwa ishara yetu ya kazini, vidole viwili vikifungana kama mkasi. Maana yake mshono umekamilika, kata uzi. Akatangaza kwamba nimesema ndiyo. Niliona mabega ya wenzetu yakitikisika kwa kicheko, wao walijua nimesema zaidi ya ndiyo.

Masharubu tena. Naye akaniambia: "Watakwambia hukusikia kitu, umejidanganya. Utarudi nyuma?" Nikatikisa kichwa mpaka kitambaa changu kikalegea. Hapo nikatazama kushoto na kulia. Watu walikuwa wameegemea mbele. Maswali hayo wameyasikia tangu utoto, na walikuwa na nyuso za watu wanaoulizwa kwa mara ya kwanza.

Swali la tatu lilikuwa refu kuliko yote. Mchungaji alipofunga kitabu, binti aliinamia viatu vyake. Watu wakaanza kutazamana. Kisha akainua uso na kusema polepole: "Yeye amekuona kabla hujamwona. Anakuita kwa jina lako. Unakuja?"

Sikutumia vidole. Nilijibu kwa kinywa. Sauti hiyo niliifungia tangu nikiwa msichana, siku watoto wa jirani walipoiiga wakicheka, na sijui ilitoka ikiwa na sura gani. Ninajua tu kwamba ilitoka, kwa sababu mdogo wako hakuwatafsiria watu. Alisimama pale ngazini, analia na kucheka, na hakuna aliyemngoja aseme chochote. Nilibatizwa hapo hapo. Maji yalikuwa baridi nami nilitamani yasiishe.

Sasa la Mzee wa Kengele. Baada ya ibada alinifuata hadi mlangoni. Nikajiandaa kwa vita. Akaniomba kalamu, akaandika kiganjani mwake, mzee wa watu, kama mwanafunzi anayeibia mtihani: "Mimi pia sisikii. Imekuwa miaka. Leo nimeifuata ibada." Alikuwa akiinamia kitabu kila Jumapili ili asionekane amepotea. Labda ni ile kengele iliyomchukua masikio. Nilimwandikia chini yake, kwenye kiganja hicho hicho, kwamba benchi langu lina nafasi.

Jumapili iliyopita alikuja kukaa kando yangu. Na bibi wawili wa kwaya wakahama kutoka nyuma, hao kumbe huimba kwa kufuata midomo ya wenzao. Mchungaji akamwomba binti asimame pembeni yake na kuyasema mahubiri kwa yale maneno yake mafupi, uso mbele. Akasimama. Kaka yake, laiti ungemwona. Ukipona au usipopona, njoo. Sauti haihitajiki kwenye benchi letu.

Katikati ya mahubiri Mzee wa Kengele aliinua mkono. Mchungaji akanyamaza, kanisa zima likageuka. Sijawahi kuona mtu akiinua mkono wa kuuliza kanisani. Mdogo wako akashuka ngazi moja, akamwinamia na uso wake wazi, akamuuliza: "Umekosa wapi, Babu?"

Nilikuwa ubavuni mwake, nilimsoma vizuri. Alisema: "Pale penye habari njema. Rudia."

Akarudia.

Mama Vifungo